Mwanangu, usihamie gesti

Mwanangu, meseji yako ya jana usiku nimeisoma mara mbili, ya kwanza haraka haraka kujua kama mmefika, ya pili taratibu. Namshukuru Mungu mmeingia Makambako na baiskeli zenu wote na hakuna aliyeanguka. Sasa unaniuliza, mama, nihamie gesti? Unasema mmegawanywa kwenye nyumba za watu wa usharika, wewe umepewa chumba cha watoto na watoto wenyewe wamelazwa sebuleni kwenye mkeka, wamechinja kuku, baba mwenye nyumba kakuwekea firigisi kwenye sahani yako, na leo ni siku ya kupumzika kwaiyo unashinda hapo kutwa nzima na unalala tena usiku wa pili, na unaona aibu, unahisi unawatia hasara watu ambao hata hawakujui, bora ukalipe chumba karibu na stendi ujifungie ulale.

Usihamie. Nakuandikia ndefu kwa sababu mimi nimeshakaa upande wa pili wa hilo jambo, upande wa wenye nyumba, na nataka ujue huko kukoje.

Wewe ulikuwa bwenini kipindi kile sisi hapa Uyole, Mbeya, tunapokea waendesha baiskeli waliokuwa wanashuka kwenda Kyela. Tukapewa kijana mmoja Mholanzi, mpole sana, ana heshima zake. Bibi yako akamwachia kitanda chake, akaamka saa kumi na moja kumchemshia maji ya kuoga, mana ilikuwa mwezi wa saba na unaijua baridi ya Uyole ya mwezi wa saba. Kijana akaoga, akanywa chai, akashukuru, afu akasema anahamia gesti asitusumbue. Alisema vizuri kabisa. Bibi yako akabaki amesimama na ile sufuria tupu mkononi, akaniuliza kwa Kinyakyusa, tumemkosea nini? Na mtaa mzima uliona mgeni ameingia kwetu jioni na asubuhi anatoka na mizigo yake, siku nzima watu wanapita kuuliza imekuwaje. Tulipokunguta shuka tukakuta hela chini ya mto. Hela nzuri tu, na kwa kweli tulikuwa na shida nayo, lakini bibi yako aligoma kuigusa, Jumapili akaipeleka kwenye sadaka yote. Yule kijana hakuwa na ubaya hata kidogo. Alikuwa anawaza kama unavyowaza wewe sa hivi, kwamba anatuonea huruma.

Baadaye tukaja kupata binti, na huyo alikaa siku yake ya mapumziko yote. Ilifika saa nne ndo anatoka chumbani, miguu imekakamaa anashuka ngazi ya kibarazani kwa kushika ukuta, akajikalisha kwenye mkeka pembeni ya bibi yako aliyekuwa anapukuchua mahindi. Lugha hakuna, huyu hajui Kiswahili na yule hajui Kiingereza. Bibi akamwekea gunzi mkononi, akamshika kidole gumba akamwonyesha, unang'oa mistari miwili kwanza kwa kidole, ukishapata nafasi ndo unasukuma na gunzi, punje zinaanguka zenyewe. Mpaka mchana wamejaza debe na binti kidole kimetoka lengelenge, anamwonyesha bibi na bibi anakipuliza kama cha mtoto. Mpaka anafariki bibi yako alikuwa anamtaja yule kama mjukuu wake. Yule Mholanzi hakumtaja tena.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe na huo usiku wa pili ndo unaingia hapo, kwaiyo usisubiri kupewa jembe, liombe mwenyewe. Sio kulima, miguu yako haitaki. Omba kazi za kukaa, kuchambua maharage, kumenya viazi, kupukuchua kama wameshavuna. Mama wa nyumba atakataa mara ya kwanza, hiyo ni lazima akatae, wewe chukua kisu ukae. Na usimuite dada hata kama ni wa umri wako, muite mama, na wazee wote shikamoo kwanza, na hapo ni kwa Wabena ukiongeza na "kamwene", salamu yao, utaona sura zinavyofunguka.

Firigisi ule. Unajua mwenyewe hiyo ni ya baba wa nyumba, sasa kama yeye ndo kaitoa kwenye sahani yake kaiweka kwako ukiirudisha umerudisha na heshima yake. Kama roho inakusuta mkatie kipande mtoto aliye karibu yako. Na watoto usiwasikitikie kwa kulala sebuleni, wewe na mdogo wako mlikuwa mkisikia mgeni anakuja mnaanza kugombania mkeka kabla hata hajafika.

Sasa la mwili, nalisema kama nesi niliyestaafu. Hiyo siku mmewekewa kwa sababu maalumu. Umepanda mlima Kitonga, umetoka Iringa mpaka Mafinga, umemaliza na upepo wa Makambako usoni, misuli imetumia sukari yote iliyokuwa imeiweka akiba, na inahitaji kama saa 24 na wanga wa kutosha ili ijijaze tena. Kwaiyo ugali ule, viazi ule, ukiongezewa pokea. Ukienda gesti utalala mpaka saa nane, utakunywa soda na chipsi, utaamka umekauka. Ukiwa kwenye nyumba ya mtu unatembea tembea kidogo, unaenda na watoto kisimani au dukani, miguu inalegea yenyewe. Na hizo kaptula zako za baiskeli uzifue leo, uzigeuze ndani nje uzianike juani zikauke kabisa, mana mbichi ndo inachubua mapaja, ila usizianike hadharani kwenye kamba ya watu, tandika kanga juu yake. Mbele kuna zaidi ya kilomita 150 mpaka kwangu. Mtashuka mpaka Igawa na Chimala kwenye joto la Usangu, huko mko kwenye mita 1,000 na kitu tu kutoka usawa wa bahari, afu mnaanza kupanda tena Inyala mpaka huku kwenye 1,700. Breki ziangalie leo kabla ya huo mteremko, malori ya Tunduma hayana subira. Pindua baiskeli uwanjani, osha mnyororo, kaza spoku, na watoto wakijaa waache washike spana. Mdogo wako kuziba pancha alifundishwa na yule binti, siku hiyo hiyo ya mapumziko, mbele ya mlango wetu.

Hela usiache chini ya mto, nakuomba sana. Nenda dukani leo mchana, nunua sukari kilo mbili, majani ya chai, sabuni ya mche, mkabidhi mama leo leo jikoni, usingoje kesho unaondoka, mana ukitoa mlangoni inakuwa malipo na ukitoa leo inakuwa umeleta nyumbani. Kesho na wao watakufungia kitu, maharage au mayai ya kuchemsha. Usiseme mizigo ni mizito. Beba, mkifika Igurusi mkawape watakaowapokea huko.

Asubuhi kabla hujatandika kitanda kunja blanketi za watoto kule sebuleni, usimwachie mama afanye.

Na simu yako iwe na chaji. Leo saa moja jioni napiga, ukipokea usianze kuniambia habari zako, mpe kwanza mama mwenye nyumba, nataka nimshukuru mwenyewe kwa kunilalishia mtoto.

Mama