Magauni ya Paris Enzi ya Napoleon III: Maswali na Majibu

Tulipogusia Paris ya Kaisari Napoleon III, aliyetawala Ufaransa kwa cheo hicho kuanzia 1852 hadi 1870, wasomaji wengi walituma maswali. Tunajibu machache.

Magauni yale mapana yalisimamaje? Hayakuwa mazito?

Mwanzoni yalikuwa mazito kwelikweli. Mwanamke alivaa gaguro juu ya gaguro, baadhi zikiwa zimefumwa kwa singa za farasi ili zikakamae. Mwaka 1856 ikasajiliwa Paris hataza ya krinolini, yaani fremu ya kuvaa chini ya gauni, ya pete za chuma zilizoshikiliwa kwa tepe. Ilifungwa kiunoni na gauni likatandazwa juu yake, na miguu ikapata nafasi ya kutembea. Nawaelewa wanawake walioipenda. Lakini aliyeivaa hakuona pindo lake lilipofika, na mahali penye mishumaa na moto wa kuotea, wapo walioungua hadi kufa.

Ni kweli fundi mkuu wa Paris alikuwa Mwingereza?

Ndiyo. Charles Frederick Worth alianza kama muuza vitambaa, kisha akafungua duka lake mtaa wa rue de la Paix pamoja na mshirika wake Otto Bobergh. Princess Pauline von Metternich, mke wa balozi wa Austria, alivaa gauni la Worth kwenye dansi ya ikulu, Malkia Eugénie, mke wa Napoleon III, akaliona na kumwita fundi. Hapo kale mteja ndiye aliyemwelekeza mshonaji. Worth aligeuza mambo: yeye alibuni, wasichana wakavaa na kupita mbele ya wateja, mteja akachagua.

Eugénie alikuwa mfujaji tu?

Hapana, na nalisema hili bila kusita. Alitumia fedha nyingi, lakini nyuma ya kila gauni la hariri kulikuwa na wafumaji wa mji wa Lyon, Ufaransa, waliotegemea vitanda vyao vya kufumia. Inasimuliwa kwamba aliwahi kukataa gauni la Worth la hariri nzito yenye maua, akiliona kama pazia, mpaka mumewe alipokumbushwa kuwa Lyon ilihitaji soko. Akalivaa. Mwenyewe aliyaita magauni ya namna hiyo mavazi yake ya kisiasa. Alichokivaa yeye, wake wa matajiri walikiagiza.

Wakubwa walistarehe wapi?

Mbio za farasi Longchamp, uwanja uliofunguliwa 1857. Ufuoni Biarritz, Eugénie alikojengewa jumba. Na jioni kwa gari la farasi katika Bois de Boulogne, bustani kubwa ya Paris. Ila mwaliko uliowaniwa kuliko yote ulikuwa wa Compiègne, kasri la Kaisari nje ya Paris. Kila msimu wa majani kupukutika, wageni wapatao mia moja kwa zamu walipanda treni kutoka Paris na kukaa karibu wiki nzima wakiwinda, wakiigiza michezo na kucheza dansi. Mwanamke alibadili nguo mara kadhaa kwa siku, na kuonekana tena na gauni lilelile lilikuwa jambo la kuepukwa. Kwa familia isiyo na ukwasi, mwaliko huo ulileta fahari pamoja na madeni.

Je, Eugénie aliwahi kufika upande wetu?

Alifika Misri. Novemba 1869 alihudhuria ufunguzi wa Mfereji wa Suez akiwa katika meli yake, L'Aigle. Njia hiyo ndiyo iliyokuja kufupisha safari za meli za Ulaya kuelekea Zanzibar. Chini ya mwaka mmoja baadaye, Septemba 1870, mumewe alitekwa na Waprusia huko Sedan, naye Eugénie akakimbilia Uingereza. Duka la Worth liliendelea kushona.