Kwa mnaoanza kuandika kuhusu Hiroshige: makosa haya tumeyachoka

Wadogo zetu, rasimu zenu kuhusu Hiroshige, mchoraji wa Kijapani, tumezisoma. Bidii mnayo, ila makosa yaliyosahihishwa mwaka jana yamerudi yote, salama salimini. Ukiyo-e, picha za Kijapani zinazochapwa kwa vibao vya mbao vilivyochongwa, na hatua zake mnazijua, kwa hiyo twende moja kwa moja.

1. Jina. Andika Utagawa Hiroshige, au Hiroshige tu. Ando ni ukoo wake wa kisamurai. Hiroshige ni jina la usanii alilopata 1812 akiwa mwanafunzi wa Toyohiro, mchoraji wa shule ya Utagawa. "Ando Hiroshige" ni kuunga vichwa viwili kwenye shingo moja.

2. Usamurai. Acheni kumpeleka vitani, jamani. Alizaliwa Edo (Tokyo ya leo) mwaka 1797 katika kambi ya zimamoto wa shogun, mtawala wa kijeshi, na kazi ya ukoo ilikuwa kulinda kasri lisiungue. Mwaka 1809 alifiwa na wazazi wote wawili, akarithi cheo cha baba akiwa na miaka 12. Wajapani wa zama hizo walihesabu 13, kwa sababu kwao mtoto alihesabiwa kuzaliwa ana mwaka mmoja tayari. (Ndiyo maana umri wake wa kufa, 1858, mnaukuta 62 na mnadhani kitabu kimekosea.) Cheo kilikuwa cha dōshin, ngazi ya chini yenye posho ndogo, na samurai wa ngazi hiyo kutafuta kipato cha pembeni lilikuwa jambo la kawaida. Mwaka 1823 alimwachia jamaa yake Nakajirō, akabaki kaimu hadi 1832. "Alitupa upanga akashika brashi" tunaifuta kila tunapoikuta.

3. Tōkaidō, barabara kuu ya Edo hadi Kyoto. Hapa ndipo mnapoanguka wote, na mnaanguka kwa kujiamini. Simulizi iliyoandikwa baada ya kifo chake inasema mwaka 1832 alifuatana na msafara wa shogun uliopeleka farasi kwa mfalme Kyoto, akachora njiani, ndipo zikatoka picha 55 za mchapishaji Hoeidō: vituo 53 vya njiani, pamoja na Nihonbashi, daraja la Edo inakoanzia njia, na Kyoto inakoishia. Mnainakili kama vile mlikuwemo msafarani. Sasa chukueni picha ya kituo cha Kanbara: usiku, theluji imefunika mapaa, watu wamejikunyata. Kanbara iko pwani ya Suruga, mahali pa joto ambapo theluji nzito ni adimu. Na farasi hao walitolewa mwezi wa 8 wa kalenda ya zamani, wakati hata vuli haijakolea. Theluji hiyo aliiona wapi? Tena mwaka huo ndio aliokwisha kuachana na utumishi. Kisha fungueni Tōkaidō meisho zue, mwongozo wa safari wenye picha wa mwaka 1797, muuweke kando ya picha zake kituo kwa kituo: baadhi ya mandhari kazitoa humo. Hilo halimpunguzii kitu. Kuazima michoro ilikuwa desturi ya kazi, na theluji ile ni ubunifu wake bora kabisa. Ninyi andikeni "inasimuliwa kwamba", halafu mweke ushahidi wa pande zote mbili. Aya nzima ya "macho yake yalishuhudia" haiokoleki.

4. Toleo. Taja toleo unalolizungumzia. Nihonbashi ina toleo la watu wachache na la umati. Kanbara ina anga lililokolea juu na lililokolea chini. Bokashi, yaani rangi inayofifia taratibu, huwekwa na mchapaji kwa kupangusa rangi kwenye kibao, haichongwi, kwa hiyo msimsifu Hiroshige kwa mkono wa mtu mwingine.

5. Mihuri. Muhuri wa tarehe hutaja mwaka kwa jina la mnyama. Katika mfululizo wake wa picha mia za Edo, Joka ni 1856, Nyoka 1857, Farasi 1858, na mwezi umeandikwa humo humo. Lakini muhuri unaonyesha lini mchoro ulipita ukaguzi wa serikali, hauonyeshi lini karatasi iliyo mbele yako ilichapwa. Vibao viliendelea kutumika, na muhuri ukachapwa pamoja navyo. Kagua mistari: iliyokatika na kingo zilizolika ni dalili ya chapa ya baadaye. Na pimeni karatasi kabla ya kuandika ōban, jina la kipimo cha karatasi. Ni takriban sentimita 39 kwa 26, na iliyopungua sana imekatwa.