Kikokotoo, nyumba na miaka inayobaki: maneno yangu kwa watumishi ambao bado wako kazini

Nikikaa na watumishi waliovuka miaka arobaini, hasa walimu wenzangu, mazungumzo hayakawii kufika kwenye kikokotoo, yaani kanuni inayotumika hapa Tanzania kukokotoa mafao ya kustaafu. Asilimia ngapi ni mkupuo, yaani fedha inayolipwa mara moja mtu anapostaafu, ngapi ni ya kila mwezi, nani alitupunguzia, nani ataturudishia. Nimefundisha sekondari maisha yangu yote ya kazi, kwanza Ruvuma kisha Morogoro, na sasa ni mstaafu. Suala hili nimelifuatilia nikiwa darasani, nikiwa kwenye vikao vya chama cha wafanyakazi, na sasa nikiwa upande wa pili. Msimamo wangu ni mmoja: tunagombania asilimia kwa sababu wengi wetu tunaufikia uzee bila nyumba. Mtumishi angekuwa na paa lake akiwa na miaka thelathini na tano, kikokotoo kingekuwa suala la mahesabu tu. Kisingemliza mtu mzima.

Kwa walio wadogo, historia yake kwa kifupi. Mwaka 2018 mifuko minne ya pensheni, yaani PSPF, LAPF, GEPF na PPF, iliunganishwa ikawa mfuko mmoja, PSSSF, kwa ajili ya watumishi wa umma, na mfuko wa NSSF ukabaki na sekta binafsi. Kanuni zilizotoka mwaka huohuo zilisema mkupuo uwe asilimia 25 kwa kila mtu. Waliokuwa wakipata asilimia 50 walipigwa na butwaa, kelele zikapanda, na mwishoni mwa Desemba 2018 Rais Magufuli akaagiza vikokotoo vya zamani viendelee hadi 2023. Julai 2022 ikaanza kanuni ya asilimia 33 kwa wote. Kisha kwenye bajeti ya 2024/25 serikali ikapandisha hadi asilimia 40 kwa kundi lililokuwa likipata 50 zamani, na 35 kwa kundi lililokuwa likipata 25.

Watu wengi huishia kwenye asilimia, na hapo ndipo wanapokosa picha kamili. Chukueni karatasi tuhesabu pamoja.

Mwalimu amechangia miezi 400. Wastani wa mshahara wake ni shilingi milioni moja kwa mwezi, yaani milioni 12 kwa mwaka. Kwa kanuni ya zamani ya PSPF unazidisha milioni 12 kwa 400, unagawanya kwa 540, unapata pensheni ya mwaka. Nusu ya pensheni hiyo unaizidisha kwa 15.5, na huo ndio mkupuo: takriban shilingi milioni 68.9. Nusu inayobaki unaigawa kwa miezi 12, unapata kama shilingi 370,000 kila mwezi. Kwa kanuni ya sasa unagawanya kwa 580 badala ya 540, kizidishio kinashuka kutoka 15.5 hadi 12.5, na mkupuo ni asilimia 40. Matokeo yake ni takriban milioni 41.4 mkononi na shilingi 413,000 kwa mwezi.

Sasa linganisheni. Mkupuo umepungua kwa zaidi ya milioni 27. Pensheni ya mwezi imeongezeka kwa kama shilingi 43,000. Ukitaka nyongeza hiyo ya kila mwezi ikurudishie ulichokosa kwenye mkupuo, itakubidi uishi zaidi ya miaka hamsini baada ya kustaafu. Na hapo nimetumia mshahara uleule pande zote mbili. Kanuni ya zamani ilitazama mshahara wa mwisho, wakati hii ya sasa inatazama wastani wa miaka mitatu yenye mshahara mzuri zaidi, kwa hiyo kwa aliyepandishwa daraja karibu na kustaafu pengo ni kubwa kuliko hapo. Mtu akikuambia kwamba mabadiliko yalikuwa ya kupunguza mkupuo ili kukuza pensheni ya mwezi, muoneshe hesabu hii kwa upole. Asilimia ni sehemu tu ya jambo lenyewe. Kilichopungua zaidi kimejificha kwenye 580 na 12.5, namba ambazo hakuna anayeziandika kwenye bango la Mei Mosi.

Upande wa mifuko nao una haki ya kusikilizwa. Fedha hizi hazishuki kutoka mbinguni. Zinatokana na michango, asilimia 5 ya mshahara wako na asilimia 15 ya mwajiri, pamoja na faida ya uwekezaji. Mfuko ukilipa zaidi ya uwezo wake, atakayeumia ni kijana aliyeajiriwa jana. Hilo nalikubali kabisa. Lakini tuseme ukweli wote. PSPF ilianza kupokea michango Julai 1999, na bado ilibeba mzigo wa kuwalipa watumishi kwa miaka waliyofanya kazi kabla ya hapo, miaka ambayo hakuna mchango uliokatwa. Deni hilo lilikuwa la serikali. Ilipita miaka zaidi ya ishirini ndipo serikali ikatoa hatifungani maalumu, yaani hati ya deni inayolipwa baadaye pamoja na riba, ya shilingi trilioni 2.17 kulipa sehemu ya deni. Kwa hiyo mwalimu anapoambiwa mfuko umeelemewa, ana haki ya kuuliza umeelemewa na nini. Mimi naamini mzigo wa kuunusuru mfuko ulielekezwa zaidi kwa mstaafu mtarajiwa kuliko kwa aliyechelewesha malipo, na sioni haki katika hilo.

Nirudi kwenye nyumba, maana hapo ndipo moyo wangu ulipo.

Kwa nini mwalimu anautaka mkupuo mkubwa kuliko pensheni kubwa ya mwezi? Wachumi wanaweza kusema hana subira, au hajui thamani ya kipato cha uhakika. Mimi niliyeishi kwenye nyumba za shule nasema ana akili timamu. Siku ajira inapokoma, nyumba ya shule inarudi kwa shule, na aliyepanga mtaani anaanza kulipa kodi kwa pensheni ambayo haifiki hata nusu ya mshahara. Mkupuo ndiyo fedha pekee kubwa atakayoishika maishani. Kisha kuna jambo ambalo wengi hawalijui mpaka msiba uwafike: mstaafu akifariki, wategemezi hulipwa pensheni ya miezi 36, basi, inakatika. Nyumba haikatiki. Mjane anabaki ndani, anapangisha vyumba viwili, anakula. Mtu anayechagua tofali badala ya laki nne za kila mwezi amewatazama watoto na mwenzi wake, na ameona mbali.

Tatizo ni kwamba tumemlazimisha kujenga nyumba yake ya kwanza akiwa na miaka 60. Mkopo wa nyumba wa benki una riba inayozunguka asilimia 15 na zaidi, na hudai kiwanja chenye hati, kitu ambacho mtumishi wa Namtumbo au Kilosa ni nadra kuwa nacho. Kenya tangu 2020 mwanachama wa mfuko wa pensheni anaruhusiwa kutumia hadi asilimia 40 ya akiba yake kununua nyumba ya kuishi, ndani ya ukomo uliowekwa, na kabla ya hapo akiba iliweza kuwa dhamana ya mkopo wa nyumba. Nataka jambo hilo liwe la kawaida kwetu, kiasi kwamba mwalimu wa kijijini alijue kama anavyojua mkopo wa mshahara. Halmashauri nazo zipime viwanja na kuwauzia watumishi wake kwa makato ya mshahara, ya muda mrefu, bila riba. Zipo zilizowahi kufanya hivyo. Hatua hiyo ingemsaidia mtumishi kuliko nyongeza ya asilimia saba ya mkupuo, ile ya kutoka 33 hadi 40.

Sasa niseme na wewe mwenyewe uliye kazini, kwa sababu sera inaweza kuchelewa na miaka yako haikungoji.

Kiwanja kinunuliwe mapema, mahali ambapo kweli utaishi. Nimeona walimu waliojenga nyumba nzuri kijijini walikozaliwa, kisha wakazeekea mjini kwa sababu ya kliniki ya kisukari na wajukuu, nyumba ikabaki na popo. Kama maisha yako yamehamia Morogoro, jenga Morogoro. Anza na vyumba viwili na choo, uhamie. Ramani ya vyumba vitano inayosimama kwenye msingi kwa miaka kumi na tano haimsitiri mtu.

Mkopo wa mshahara uwe wa kitu kinachobaki. Na mikopo ya kausha damu, ile ambayo anayekukopesha anabaki na kadi yako ya benki na namba ya siri, ikimbieni. Nawafahamu wastaafu ambao kadi zao za pensheni ziko mikononi mwa wakopeshaji hadi leo. Mwisho wa mwezi wanakwenda kuomba wapewe kidogo kutoka kwenye jasho lao wenyewe. Hili linaniuma, na serikali za mitaa zinawajua wanaolifanya.

Biashara usiyoijua usiianze kwa mkupuo. Kama una ndoto ya kuku wa mayai, anza na kuku hamsini ukiwa na miaka 52, ujue chakula kinapandaje bei na ugonjwa wa kideri unafagiaje banda. Usipowahi kufanya, kuna njia tulivu zaidi: hatifungani za serikali zinazouzwa na Benki Kuu, ambazo unaweza kuanza na milioni moja na kulipwa riba kila baada ya miezi sita, au vipande vya mifuko ya uwekezaji wa pamoja. Si fedha ya kutajirika. Ni fedha ya kununua dawa na kulipa maji bila kumpigia mtoto simu.

Halafu makaratasi. Barua ya ajira ya kwanza, barua ya kuthibitishwa kazini, za kupandishwa madaraja, za uhamisho. Hakikisha jina lililo kwenye kitambulisho cha taifa ndilo lililo kwenye michango, kwa herufi zilezile. Omba taarifa ya michango yako na uikague mwezi kwa mwezi, maana mwaka ambao haukuwasilishwa ni rahisi kuufuatilia ukiwa na miaka 45 na aliyekuwa mhasibu wenu bado yuko hai. Ukipigiwa simu na mtu anayedai yuko Hazina na anataka utume fedha ili faili lako lisogezwe, kata simu. Hakuna malipo ya namna hiyo.

Lakini hata ukiyafanya yote hayo, kuna jambo ambalo hakuna mfuko unaolikatia mchango. Mwalimu anaamka kila siku akijua kuna watoto wanamngoja. Siku barua ya kustaafu inapoanza kazi, hakuna anayemngoja. Simu inanyamaza. Wale waliokuwa wakikuita mkuu wanapita barabarani wakiwa na haraka. Nimeona wanaume wenye nyumba na pensheni wakififia ndani ya muda mfupi, na wanawake waliostaafu na kipato kidogo wakanawiri kwa sababu walikuwa na kikoba, kwaya, shamba la mboga na jirani mgonjwa wa kumtembelea. Nimeamini kutokana na hayo kwamba mtu hudumu kwa kuhitajiwa. Mimi jioni nawafundisha hisabati watoto wa mtaani kwetu wanaojiandaa na mtihani wa kidato cha nne, bila malipo kwa asiye nacho. Wakichelewa, najikuta nachungulia barabarani. Tafuta kitu cha namna hiyo kabla hujastaafu, ukiwa bado na nguvu za kukizoea.

Na kwa sababu nimesema mengi kuhusu sisi wenye kikokotoo, siwezi kuwanyamazia wasio nacho. Wakulima walionilisha nilipokuwa Ruvuma, mama wa vitumbua aliyekuwa akiwakopesha walimu hadi mwisho wa mwezi, hawa nao wamelijenga taifa na hawana asilimia yoyote ya kuilalamikia. Zanzibar ilianza pensheni jamii Aprili 2016 kwa kila mzee wa miaka 70 na kuendelea, shilingi 20,000 kwa mwezi, na baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Kiasi ni kidogo, lakini kinamfikia aliyewahi kuajiriwa na asiyewahi. Bara hatuna pensheni ya namna hiyo kwa wazee wote. Vyama vya wafanyakazi vinavyopaza sauti kuhusu kikokotoo vina nguvu ya kusikika Dodoma. Nataka viiweke hoja hiyo kwenye orodha ya madai yao, pamoja na viwanja vilivyopimwa kwa watumishi vijana, na mbunge wetu akija mtaani nitamuuliza yote mawili.