Lampard alifungaje mabao mengi vile akiwa kiungo?
Ndugu, umeuliza Lampard alifikishaje mabao 211 Chelsea ilhali hakuwa mshambuliaji. Penalti zilichangia, sikatai, ila silaha yake kubwa ilikuwa kuchelewa kuingia kwenye boksi, mabeki wakiwa wamekwisha kuvutwa na mshambuliaji Drogba.

Tafuta mechi ya Bolton, Aprili 2005, iliyoipa Chelsea ubingwa wa ligi ya England baada ya miaka 50. Mabao yote mawili ni yake. La pili alikimbia toka mbali, akamzunguka kipa Jääskeläinen, akatumbukiza wavuni. Mapafu ya punda!

Msimu wa 2009/10 alifunga 22 kwenye ligi. Mei 2013, ugenini kwa Aston Villa, akatupia mawili na kuipita rekodi ya ufungaji ya Chelsea, mabao 202 ya Bobby Tambling. Scholes, kiungo wa Manchester United, alipiga pasi vizuri zaidi, lakini kwa kufunga hamfikii Lampard hata kidogo.