Mwanangu, lulu za kufugwa sio feki

Waalaykum salaam mwanangu. Voisi yako nimeisikiliza mara tatu nikacheka peke yangu, ati muuzaji wa dukani huko Manama kakwambia hereni zako za Fumba, huku kwetu Unguja, ni feki kwa vile lulu zake zimefugwa, na wewe unaniuliza ni kweli au anatafuta mteja. Anatafuta mteja, na isitoshe Bahrain sheria yao hairuhusu kuuza lulu za kufugwa, sasa we ulitaka aseme nini? Feki ni ile shanga ya plastiki au kioo iliyopakwa rangi. Yako kaifanya chaza mwenyewe, yule kiumbe wa baharini mwenye kombe. Isugue taratibu kwenye meno, ikikwaruza kama ina vichenga ujue ndo yenyewe, ikiteleza tu ni shanga.

Na ile habari kuwa lulu huanzia punje ya mchanga isahau. Chaza kauzoea mchanga, anajua kuutema. Mara nyingi ni kidudu kilichomwingia au jeraha, basi anakizungushia ule utando unaong'aa ndani ya kombe lake, tabaka juu ya tabaka. Mjapani Mikimoto mwaka 1893 ndo akafanikiwa kumchokoza makusudi akapata nusu lulu. Na sie wanawake wa huku tunafanya hiyohiyo, unabandika nusu shanga kwa gundi ndani ya kombe, unamrudisha baharini kwenye kamba, halafu karibu mwaka mzima kazi yako ni kwenda kumsafisha uchafu. Wangu wa kwanza wengi walikufa, niliwafungua kwa pupa nikawapasua, we ulikuwa hujaondoka si unakumbuka nilivonuna?

Hizo za asili za huko Bahrain nzuri, sikatai. Ila jua zilivyopatikana. Mzamiaji kabana pua kwa kibanio, jiwe mguuni, kikapu shingoni, anashuka kwa pumzi moja, anapanda, anashuka tena, hivo hivo kutwa nzima miezi ile ya joto kali, na chaza kibao wanafunguliwa hamna kitu. Kabla ya msimu kakopeshwa, deni haliishi, akifa wanae wanalirithi. Na katika hao wazamiaji si wachache walikuwa watu wa pwani yetu hii, waliopelekwa kule kwa majahazi utumwani, hata miaka ya 1920 bado wapo waliokwenda kwa Waingereza kuomba hati ya uhuru. Baadae lulu za Japani zikajaa sokoni, uchumi wa dunia nao ukaanguka, bei ikaporomoka, Bahrain wakapata mafuta 1932 na watu wakayaacha majahazi.

Kwa hiyo hicho kidani anachotaka muuzaji ukilipe kidogokidogo achana nacho, deni la lulu mie silipendi kabisa. Ijumaa ukipata nafasi nenda Muharraq, mji wa jirani hapo, zile nyumba za matajiri wa lulu zimo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2012. Angalia kama watu wetu wametajwa popote ukutani, kisha unipigie.

Mama yako