Gari Linagonga kwa Mbele: Usinunue Kipuri Kabla ya Kujua Linagonga Wakati Gani

SWALI: Ndugu Mhariri, ninamiliki Toyota IST iliyokuja kutoka Japani ikiwa imeshatumika. Kwa muda sasa inagonga kwa mbele upande wa kushoto, ko-ko-ko, ninapopita polepole kwenye barabara ya vumbi yenye mashimo madogo madogo. Fundi alisema ni shokapu. Nilinunua mbili mpya, zikafungwa, na mlio ukabaki vile vile. Sasa ananishauri nibadilishe reki ya usukani, yaani kifaa kinachopeleka mzunguko wa usukani kwenye magurudumu, ambayo bei yake ni kubwa. Kinachonishangaza ni kwamba ninapovuka tuta kubwa la barabarani taratibu, gari halilii kabisa. Nifanye nini kabla ya kutoa fedha nyingine? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Ndugu msomaji, tafadhali usinunue reki kwa sasa. Hilo linalokushangaza, kwamba gari linalia kwenye mashimo madogo na kunyamaza kwenye tuta, lina maana kubwa kuliko yote uliyotuandikia, na lilistahili kuulizwa kabla spana yoyote haijashikwa.

Kwa mbele gari lako lina mfumo wa MacPherson. Springi na shokapu zimeunganishwa kuwa nguzo moja, ambayo juu imeshikwa na maunti ya mpira yenye beringi, na chini imefungwa kwenye sehemu inayobeba gurudumu. Sehemu hiyo nayo inaungana na mkono wa chini, yaani chuma kinachoishikilia kwenye fremu ya gari, kwa kiungo cha duara kiitwacho boljointi. Kutoka upande mmoja wa gari hadi mwingine kunapita chuma cha stebilaiza, ambacho hulizuia gari lisilale sana linapokata kona, na kila ncha ya chuma hicho inashikwa na linki fupi yenye kiungo cha duara huku na huku. Gurudumu moja likizama shimoni peke yake, chuma hujisokota, na linki huvutwa kisha husukumwa kwa nguvu. Kiungo chake kikiwa kimelika, kila nguvu inapogeuka mwelekeo kitagonga mara moja. Ukivuka tuta ukiwa umenyooka, magurudumu yote mawili hupanda na kushuka pamoja, chuma hakijisokoti, linki karibu hazina mzigo, na ndiyo sababu husikii kitu. Shokapu iliyokufa au maunti iliyokatika isingechagua hivyo; ingegonga hata kwenye tuta, hasa gurudumu linapoteremka upande wa pili.

Kwa hiyo ninaanza na stebilaiza linki, na namna ya kuthibitisha haina gharama kubwa. Gari likiwa limesimama kwenye magurudumu yake yote mahali tambarare, mtu mmoja alitikise kutoka upande hadi upande, huku mwingine ameweka vidole juu ya kiungo cha linki. Kilicholegea utakisikia kikigonga chini ya vidole. Mafundi wengi huinua gurudumu moja tu kwa jeki, wakaitikisa linki, wakaiona imekaza na kuipitisha kuwa nzima. Kumbe gurudumu lile linaloning'inia limekisokota chuma, na chuma ndicho kilichoikaza linki. Ama magurudumu yote mawili ya mbele yawe chini, ama yote mawili yawe juu.

Kama shaka itabaki, mwombe fundi afungue linki zote mbili, azifunge kwa waya mbali na mpira wa breki na ekseli, kisha mpite polepole kwenye barabara ile ile inayolia. Gari litalala zaidi kwenye kona, kwa hiyo msiende mbali wala kwa kasi. Mlio ukitoweka, tatizo ni linki au bushi, yaani vishikio vya mpira, zinazokishika chuma cha stebilaiza kwenye fremu. Ukiendelea, mmeziondolea tuhuma bila kununua chochote.

Kuna jambo jingine linalotokana na kazi iliyokwisha kufanyika. Ili kubadilisha shokapu, kwa kawaida linki hufunguliwa, na nati yake ina tabia ya kuzunguka pamoja na msumari wake wakati wa kukaza, hasa nyuzi zikiwa na kutu, mpaka msumari ushikwe kwa ufunguo wa L. Fundi mwenye haraka huona spana inazunguka kwa uzito, akadhani imekaza. Kagua nati hizo, nati ya juu ya shokapu, na bolti mbili za chini. Nati iliyolegea hutoa mlio ule ule wa kipuri kilichokufa.

Kuhusu reki, ikaguliwe, lakini kwa mikono. Mbele yote ikiwa imeinuliwa na kukalia stendi imara, kwani jeki peke yake haitoshi kwa mtu anayeingia chini ya gari, shika gurudumu kushoto na kulia ulisukume na kulivuta. Likicheza, mtu wa pili aangalie kama uchezaji uko kwenye tairodi (kiungo cha nje, karibu na gurudumu), kwenye reki endi (kiungo cha ndani, kwenye ncha ya reki), au ndani ya reki yenyewe. Kisha lishike juu na chini. Likicheza hivyo, mtu akanyage breki: uchezaji ukikoma, shuku beringi ya gurudumu, ukibaki, shuku boljointi, na umalizie kwa kuukandamiza mkono wa chini kwa mtaimbo mdogo ili uone kama kiungo kinaachana. Kwa magari kama Hilux au Prado, ambayo springi yake imekaa juu ya mkono wa chini, jeki huwekwa chini ya mkono huo karibu na boljointi, la sivyo nguvu ya springi itaficha uchezaji.

Hapa ninaomba usikilize kwa makini kuliko popote pengine. Linki iliyolika ni kero, na unaweza kuivumilia hadi mwisho wa mwezi. Boljointi au tairodi iliyolegea haisubiri: boljointi ikichomoka gurudumu hukunjika chini ya gari, na tairodi ikiachia, gurudumu halitii tena usukani. Ukikuta uchezaji kwenye kimojawapo, gari lisitoke gereji.

SWALI: Probox yangu inagonga mara moja ninapokanyaga breki, na mara moja tena ninapoondoka. Bushi za mkono wa chini zimebadilishwa mara mbili, na kila mara mpira wake unachanika mapema. Je, ninauziwa bandia? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Inawezekana, lakini kwanza ulizia jinsi zilivyokazwa. Mlio wa mara moja wakati wa breki na wa kuondoka ni alama ya mkono wa chini unaosogea mbele na nyuma, kwa hiyo bushi zilishukiwa kwa haki. Bushi ya aina hii haizunguki kwenye bolti. Bomba lake la ndani hubanwa na bolti, na mpira ndio unaojipinda gurudumu linapopanda na kushuka. Bolti ikikazwa gurudumu likiwa linaning'inia, mpira utakuwa umepindwa tangu siku ya kwanza kila gari linaposimama chini, na kila shimo litauongezea. Bolti zishikizwe tu gari likiwa juu, kisha gari lishushwe, litikiswe ili likae kwenye kimo chake cha kawaida, ndipo zikazwe kabisa. Bushi yenyewe iingizwe kwa mashine ya kukandamizia, si kwa nyundo, na kama ina alama ya upande, ielekezwe kama ya awali. Baada ya hapo magurudumu yapimwe alaimenti, yaani mwelekeo na mlalo wake, kwa sababu mkono uliofunguliwa haurudi lazima mahali ulipokuwa.