Kuku wazima waliotelekezwa: niwachanganye lini na wangu?

SWALI: Daktari, shikamoo. Jirani amehama na kuniachia matetea wanne na jogoo mmoja. Wamekonda, migongo haina manyoya, magamba ya miguu yameinuka na kuwa manene. Mimi nina matetea kumi na jogoo wao, wote wazima na wanataga. Naweza kuwaingiza bandani usiku ili wasipigane?

JIBU: Marahaba. Umefanya jambo jema kuwachukua, ila usiwaingize usiku wa leo. Kupigana ndilo tatizo dogo kuliko yote hapo.

Watenge kwanza kwa siku 30, mbali na banda lako, upande ambao upepo hautoki kwao kwenda kwa wenyeji. Wawe na vyombo vyao vya chakula na maji, nawe uwe na viatu vya kuingilia kwao tu. Kila siku anza kuhudumia kuku wako, wageni wawe wa mwisho. Mdondo kwa kawaida hujitokeza ndani ya siku 2 hadi 15 tangu kuku aambukizwe, kwa hiyo mwezi mmoja unatosha kuufichua.

Usichoweza kukiona kwa kungoja tu ni kuku aliyeugua akapona. Aliyepona mafua makali ya kuku, yale ya uso kuvimba na makamasi yenye harufu mbaya, anaweza kuendelea kubeba vimelea na kuwaambukiza wenzake huku yeye mwenyewe akionekana mzima. Mikoplasma, ugonjwa mwingine wa njia ya hewa, nayo ni hivyo hivyo. Ndiyo maana wiki mbili za mwisho nashauri umpeleke tetea mmoja wa kwako akaishi nao. Ni uamuzi mgumu, najua, lakini ni heri augue mmoja kuliko kumi. Akianza kukoroma au kutoa makamasi, usiwachanganye kabisa. Wageni wabaki kundi la peke yao, na tetea huyo abaki huko huko.

Sasa matunzo. Mshike kila mmoja jioni akiwa ametulia, upapase mfupa wa kidari. Ukichoma vidole na nyama pembeni zimebonyea, huyo ana njaa ya muda mrefu: mpe chakula kidogo kidogo mara nyingi kwa siku za mwanzo. Maadamu hawatagi, wape chakula cha kukuzia. Kalsiamu nyingi iliyo kwenye chakula cha kutagia huelemea figo za kuku asiyetaga. Kisha fukunyua manyoya chini ya mkia. Mayai ya chawa hushikamana kwenye mashina ya manyoya kama chembe za sukari. Nyunyiza dawa ya unga iliyoidhinishwa kwa kuku, urudie baada ya siku 7 hadi 10, kwa sababu dawa haiui mayai. Utitiri mwekundu hutauona mchana. Ingia na tochi usiku, uangalie nyufa na chini ya fito wanazolalia.

Hiyo miguu ni utitiri wa magamba. Loweka kwa maji ya vuguvugu na sabuni, sugua taratibu kwa mswaki laini, kausha, paka mafuta ya mgando mguu mzima. Rudia kila wiki mpaka magamba mapya yatoke. Usiyabandue kwa kucha, utamtoa damu.

Dawa ya minyoo ni lazima, lakini soma kibandiko: piperazini huondoa minyoo ya duara tu. Angalia pia siku za kutokula mayai.

Wakishanenepa na migongo imefunikwa na manyoya, wahamishie karibu na wenyeji, wavu ukiwa katikati, kwa wiki nzima. Mgongo ulio wazi huwaalika wenzake kudonoa, na damu ikionekana hawaachi. Hapo ndipo wazo lako la usiku linapofaa: wapandishe matetea wote wanne kwa pamoja kwenye fito, kamwe si mmoja mmoja. Alfajiri uwepo. Ongeza vyombo viwili vya chakula na kimoja cha maji, viwe mbalimbali, maana mnyonge hufukuzwa kwenye chombo na kurudi kukonda bila wewe kujua. Kufukuzana na kudonoana kidogo ni kawaida kwa siku kadhaa. Anayetoka damu mtoe mara moja.

Jogoo wa jirani usimchanganye. Matetea kumi na wanne wanatoshwa na jogoo uliye naye, na majogoo wawili wazima wasiojuana wanaweza kuuana.